Mfupa wa Ulimi

Maabara, ghorofa ya chini, Al-Khoudh, mwezi wa saba.
Kiyoyozi nimekizima: kinanguruma ndani ya kinasa sauti,
na joto limeshaingia bila kubisha hodi.
Mama mdogo Shinuna anajipepea kwa fomu ya ridhaa
aliyoitia saini bila kuisoma.

Nampaka jeli baridi chini ya kidevu.
"Si mashine hii hii waliyokutazamia mwanao, kule Nizwa?"
Hii hii. Leo mtoto ni ulimi:
mgongo mweupe kwenye kiwambo cheusi,
unajigeuza, unajinyoosha, unalipiga teke kaakaa.

Sema baba.
Sema dada. Sema goti. Sema bado.
"Bado," anasema, na mstari wa shinikizo unazama:
koo limeshuka, pumzi imevutwa ndani
midomo inapoachana,
kana kwamba neno sharti limezwe kidogo kwanza.
Nasema mimi, bado, kwa b ya shule,
na mstari unapanda.
Miaka kumi na moja naandika makala juu ya b hii.
Sijaweza kuitamka.

Nachukua kalamu, namchorea, apumzike.
Wahenga walisema ulimi hauna mfupa.
Upo, mama, hapa shinani, mdogo, kama kiatu cha farasi,
wala haukuungana na mfupa mwingine wowote mwilini;
umening'inia kwa kano na misuli tu.
Anajigusa koo.
"Maskini," anasema. "Na haudondoki?"

Sasa nyamaza, nipate picha ya ulimi uliolala.
Ananyamaza. Mashine haijui kunyamaza.
Kwenye kiwambo shina la ulimi linapanda,
linagusa kaakaa laini, linashuka;
midomo, hii naiona kwa macho yangu, inafumba, inafumbua;
mgongo unajivuta nyuma mara moja, mviringo,
kisha ndiyo kimya.

Najua kusoma. Ndicho kinachonilipa mshahara.
Ng'a.
Mbo.

Kwenye jedwali, safu ya kumi na tisa,
naandika: ulimi umepumzika.
Nakunja karatasi laini, nampangusa kidevu
polepole, kama anavyopanguswa mtoto aliyekula uji,
naye kwa mara ya kwanza tangu asubuhi
hanitazami usoni.
"Umemaliza?"
"Bado," namwambia,
na mstari sikuutazama.