Mkia wa Mfereji

Nilimchorea nyuma ya fomu ya maabara
kwa kalamu ya bluu iliyokatakata wino:
huu ndio mshipa mkuu, unashuka tumboni,
chini ya kitovu unagawanyika panda mbili,
na kila panda, kabla ya kufika pajani,
inatoa kijitawi kuingia nyonga.
Uvimbe wako umekaa hapa. Penye panda penyewe.

Obadia Nyagol hakutazama mchoro.
Alitazama dirisha, Kisumu ikiungua saa nane,
vidole vikizungusha ukingo wa kofia.
Miaka thelathini na mmoja amefungua na kufunga
malango ya maji kwenye mpunga wa Ahero.

Njia ya kwanza, nikasema, ni kuziba.
Tunajaza kijitawi nyuzi za chuma, kinakauka,
tunapitisha mrija wa kitambaa juu yake.
Kazi fupi. Bei yake watu huimudu.

"Na wa mkiani?"
Sikumwelewa.
"Mashamba ya mwisho wa mfereji, daktari.
Ukifunga lango, wale wanakunywa nini?"

Wanakunywa kwa jirani, nikasema,
damu hujipenyeza, hutafuta vichochoro.
Wengine huzoea. Wengine, kutoka stendi hadi sokoni,
matako huwawaka moto, wanaegemea ukuta.
Nikasita. Mimi ni mwanamke, umri wa bintiye.
Na utumbo wa chini pia, nikasema,
nikajificha nyuma ya utumbo.

Njia ya pili: mirija miwili myembamba
ubavu kwa ubavu ndani ya mmoja mnene,
kama ndugu wawili kitanda kimoja.
Kijitawi kinabaki na maji yake,
ila kati ya duara na duara...
"Patavuja," akasema.
"Bomba mbili tundu moja. Nimeziba kwa udongo,
kwa magunia, kwa matusi. Huvuja."
Si mara zote, nikasema.
Akanitazama kama mtu anayemsamehe mgeni.

Ya tatu ni mrija ulioshonwa na tawi lake kiwandani.
Umbo la mshipa likiukubali, hukaa.
Lakini huagizwa, wiki sita, na bei yake
niliiandika, sikuitamka.
Ya nne ni kupasua tumbo na kushona kwa mkono.
Moyo wako hautaivumilia. Nikaikata kwa mstari.

Ndipo Peres, mkewe, mkoba magotini,
akasema bila kuinua macho:
"Anachouliza si matako, daktari."
Kofia ikaacha kuzunguka.
"Anauliza kama atarudi mume."

Feni ya darini ilikuwa na kelele siku ile.
Tukiziba, huenda asirudi, nikasema.
Tukiliacha tawi, tumaini lipo. Ahadi sina.

"Basi tawi," akasema Peres. "Ng'ombe wapo."
"Wawili tu," akasema yeye.
"Nimesema wapo."

Wiki sita zikawa tisa.
Siku yenyewe nilisimama na aproni nzito ya risasi,
Sista Nekesa akidunga rangi, sote macho kwenye skrini.
Mshipa mkuu ukawa mweusi. Panda ikawa nyeusi.
Kijitawi kikabaki cheupe
pumzi moja, pumzi mbili,
nami nikajikuta nanong'ona, fungua, fungua,
kisha wino ukaingia, ukatambaa,
ukafika kule mwisho kusikoitwa jina.

Alirudi Juni, amepanda ngazi kwa miguu yake,
kilo kumi za mchele begani ingawa nilimkataza kubeba.
Nikapima presha, nikagusa mapigo ya miguu yote miwili,
nikauliza, kalamu mkononi, nikitazama karatasi:
Na mkiani, maji yanafika?

Obadia akaligeukia dirisha lake.
Peres akafunga zipu ya mkoba, akaifungua, akaifunga.
"Yanafika," akasema. "Usiandike."

Nikaandika: anatembea vizuri.