Baisa Arobaini

Kiyoyozi nimekizima saa nne.
Si kwa baridi: Agosti hii ya Mabela
hata ukuta unatoka jasho.
Nimekizima kwa sababu kikinguruma
naisikia mita nje ikihesabu.

Nimekaa jikoni, nimeigeuza bili ya umeme,
maana mgongo wake mweupe
ndiyo karatasi pekee humu ndani isiyonidai.

Mshahara kesho: riali mia nne themanini na tano.
Benki haingoji niamke,
inakata kabla ya adhana, mia na sitini na tano,
kimyakimya, kama mtu anayechukua viatu vyake mlangoni.

*Kukopa harusi, kulipa matanga,*
alikuwa akisema bibi yangu Unguja,
nami nikidhani ni mfano tu.
Nilikopa harusi kweli. Ya kaka yangu Mudriki:
ukumbi Al Khoud, taa za rangi
hadi kwenye mtende wa jirani,
udi wa kufukiza mtaa mzima.
Mudriki keshamwacha mkewe, mwaka wa pili haujesha.
Mimi na benki bado tumeoana,
na talaka yetu ni miaka minne na miezi miwili.

Gari, tisini na mbili.
Umeme, sitini na moja. Maji, kumi na nne.
Duka la Koya, thelathini na saba
na baisa mia sita arobaini.
Upatu, hamsini. Huo siugusi.

Upatu tuko kumi, kijumbe wetu Bi Ghanima,
na mwezi huu zamu ilikuwa yangu.
Riali mia tano! Nimezitumia kichwani mara tatu:
jino, pazia, tikiti ya kwenda kumwona mama.
Pesa ya kichwani tamu, haiishi chenji.
Juzi akaja Thuwaiba, hakukaa,
anazungusha funguo kidoleni.
Mwanawe ana karo, chuo kimemfungia mtihani.
Nikamwambia, chukua zamu yangu,
kwa sauti ya mtu mkarimu.
Alipotoka nikafunga mlango
nikajitukana mpaka chai ikapoa.

Najumlisha. Zinabaki sitini na tano
na baisa mia tatu sitini,
na petroli bado, na vocha bado,
na mwezi wenyewe una siku thelathini na moja.
Nani aliuongeza huu mmoja?

Asubuhi natoa noti kwenye mashine, naenda dukani.
Koya analilamba dole, anapekua daftari:
ukurasa wangu una doa la mafuta,
mayai, dengu, mayai, betri, mayai.
"Thelathini na saba na nusu," anasema,
"na mia. Arobaini wacha, dada."
Wacha?
Baisa na pesa ni ndugu wa tumbo moja,
na mimi mwaka mzima napita mbele ya duka hili
nikijifanya naongea na simu.
Nakung'uta pochi juu ya kaunta:
ishirini na tano, kumi,
na ile tano ndogo, imejificha kwenye mshono,
naitoa kwa ukucha.

Anacheka. Anapiga mstari,
mmoja, umepinda kidogo,
juu ya mayai yangu yote.

Natoka. Jua limeshakuwa kali,
nami natembea katikati ya njia, simu iko mkobani.
Nafika kwenye kona ya msikiti.
Sukari.

Pochi haina kitu, kadi nimeiacha nyumbani
makusudi, nisijaribiwe.
Narudi. Koya ananiona mlangoni,
hasemi neno, peni iko mkononi.
Anafungua ukurasa mpya, mweupe, hauna doa,
juu anaandika jina langu,
kalikosea kama kawaida,
na chini yake: sukari, mia nne na hamsini.