Zamu ya Mchana

Narudi lindoni saa moja, kofia bado kichwani.
Kwandu keshatangulia Mwaloni na ndoo zake za dagaa.
Sayi yuko mlangoni, kaptula ameishika mkononi,
miaka miwili na miezi minne,
na neno lake moja la asubuhi:
"Cheza."

Gari la betri sina.
Nililiona Makoroboi, jekundu, lina na taa,
nikauliza bei,
nikamshukuru muuzaji, nikashika njia.

Tuna beseni.
Beseni, kikombe kilichokatika mkono, chujio la chai.
Maji vidole viwili tu, maana mtoto huzama hata kwenye maji ya kunawia,
nami nakaa hapohapo, goti langu ndilo ukingo.
Anachota, anamwaga. Anachota, anamwaga.
Chujio halishiki kitu. Analigeuza,
analichungulia tundu kwa tundu
kama fundi bomba aliyeitwa na mwenye nyumba mkali.
"Baba, maji yametoka!"
Yametoka kweli. Yamekwenda wapi?
Hapo tu nusu saa imekwisha,
na mchicha umekunywa yaliyobaki.

Kisha vifuniko vya madumu.
Mama Ng'washi wa mafuta ya kupima hutuwekea;
tunavyo ishirini na kimoja, kimoja kina ufa.
Vyekundu trei hii, nasema, vya bluu ile.
Hafuati. Chekundu kinalala na bluu,
cha manjano kinauzwa, kinarudishwa, kinauzwa tena,
cha kijani anakisukumia mfukoni mwangu:
"Cha kulipia."
Nilitaka kumfundisha rangi,
yeye kafungua duka.

Maharage tuliacha. Msiniulize sana.
Moja lilipanda puani mwezi wa tatu,
tukashuka mawe yote ya Igogo mbio hadi zahanati,
na kabla muuguzi hajaandika jina
akapiga chafya,
likatua juu ya daftari, limevimba, linang'aa.
Kwandu hakusema kitu siku mbili.
Siku ya tatu alisema.

Saa nne tunakanda kiporo cha ugali.
Najua, chakula hakichezewi, bibi angenisuta,
lakini huu ulikuwa wa kuku wa jirani.
Kila nikifinyanga mimi, anatoka samaki:
sato, sangara, furu mwenye mkia uliopinda.
Kila akifinyanga yeye, anatoka mama.
Mama mviringo. Mama bapa.
Mama kidonge, ana kidole kimoja katikati.
Halafu anamla mama,
ananitazama kama nitasema kitu.

Nyuma ya nyumba kuna jiwe kubwa kuliko nyumba.
Hapo tunachora kwa mkaa,
mvua ikitoka ziwani inatufutia, hatudaiwi daftari.
Nikachora meli. Akaifunika yote kwa mistari.
"Nini hiyo?"
"Moshi."
Jiwe lilikuwa na joto la jua mgongoni,
na mimi nilikuwa sijalala tangu juzi,
nikasema nafumba macho, jicho moja tu.

Nilipoamka, mguu wangu wa kushoto ulikuwa umefunikwa
kwa kitambaa cha vyombo,
umelazwa vizuri, umepigwapigwa polepole.
Mkono wangu, kuanzia kiwiko hadi kucha, ulikuwa njia nyeusi tupu,
na Sayi kaukalia mguu wa pili ili nisiondoke,
akiniwekea kidole mdomoni:
"Sss. Baba lala."

Jioni nikaoga, nikasugua kwa dodoki.
Kwandu akacheka hadi akaketi chini na harufu yake ya dagaa.
Mstari mmoja niliuacha, chini ya saa, pasipoonekana.

Saa nane usiku ziwa limenyamaza,
getini kuna mimi na mende.
Natafuta funguo mfukoni,
naibuka na kifuniko cha kijani.

Mshahara wa mwezi huu umewahi.