Mkeka wa Kifutu

Wahenga walinitungia methali kabla sijazaliwa:
aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Basi mimi, Mwanjaa binti Semkiwa, wa Mwera ya Pangani,
nimeumwa na nyoka,
na ung'ongo ndio kazi yangu.

Nishtuke mara ngapi kwa siku?

Alikuwa kifutu. Nilikuwa nakata ukindu bondeni,
yeye amejilalia zake kwenye majani makavu,
kavaa rangi ya majani makavu.
Sikumwona. Nadhani naye hakuniona mimi,
aliona unyayo tu, mkubwa, unamshukia.
Wakanifunga kamba ya katani chini ya goti,
wakanichanja kwa wembe, wakanipaka tumbaku.
Siku ya tatu ndipo nikafikishwa Bombo.
Daktari alipoikata ile kamba alisema:
"Nyoka kakuuma mara moja.
Hao wa nyumbani kwako, mara ngapi?"

Niliporudi, kijiji kilikuwa kimeua nyoka kumi na wanne.
Kwa ajili yako, wakaniambia, kama watu waliochinja mbuzi.
Nikachechemea kwenda kuwaona jalalani:
ukukwi saba, kijani kibichi, wasiojua kudhuru mtu,
nyoka-nyumba watano, matumbo yametuna panya,
kitoto kimoja cha chatu,
na wa kumi na nne
kipande cha mpira wa baiskeli, kimepigwa mpaka kikachanika.

Kifutu hakuwamo.

Nikamwokota ukukwi mmoja, nikamlaza juu ya ungo.
Nikamgeuza. Vidole vikatambua kabla ya macho:
huu ni ukili.
Chane inapita juu, chane inapita chini,
hakuna ncha iliyochomoza, hakuna pengo.
Marehemu mama angemtafuta aliyesuka
amuulize alianzia wapi.

Nikachemsha rangi. Kijani, kahawia, nyeusi,
na njano ya bizari kwa ajili ya tumbo.
Miezi minne nashona kili, shazia mkononi,
mguu umeinuliwa juu ya kigoda.
Majirani wakipita wanapunguza sauti:
anafuga. Anatuma. Kaumwa akaolewa huko huko.
Mkwe wangu, Bi Hongoa, alisimama mlangoni:
"Mkeka wa nyoka hausaliwi."
"Si wa kusalia, mama. Ni wa kukalia."

Nikautandika zahanati, siku ya kupima watoto.
Wanawake wote wakasimama, wameegemea ukuta,
mkeka mtupu katikati kama kisima.
Mtoto wa Mwanakheri, wa miezi minane,
akamponyoka mama yake, akatambaa moja kwa moja
mpaka kwenye kichwa cha kifutu
akaanza kukitafuna.

Nani angejizuia? Walicheka mpaka nesi akatoka nje.
Wakakaa. Upande wa ukukwi kwanza,
kisha upande wa nyoka-nyumba.
Upande wa kifutu hajakaa mtu mpaka leo,
rangi yake bado mpya.
Na sikuudhika. Kifutu si wa kukalia.
Nilitaka wamjue, sikusema wampende.

Juzi, saa nne usiku, Mbelwa mlinzi wa ghala
kanigongea, tochi mkono huu, panga mkono huu.
"Kuna nyoka kwenye magunia. Njoo umtazame
kama ni wa kwenye mkeka."
Tukaenda. Na mimi, mwenye mkeka,
mguu wangu ulirudi nyuma wenyewe. Usinicheke.
Nikasema kwa mbali: "Wa kahawia, ukili wa tano kutoka ukingoni."
Akachuchumaa. Akamulika, akamulika tena,
muda mrefu, panga limelala sakafuni.
Kisha akasema, bila kugeuka:
"Ndiye. Ila mkia umeukosea, shangazi.
Wako mnene. Wa huyu unakwisha kama uzi."

Asubuhi nikaenda zahanati kuuchukua mkeka.
Nimefumua mkia.
Nimeloweka ung'ongo, naungoja ulainike.