Hesabu ya Jumamosi

Nina daftari la jikoni, limeungua pembe moja.
Humo naandika kila pauni inavyotuaga.
Mwezi wa nane ulipoingia nikaandika juu ya ukurasa:
Matembezi.
Chini yake sifuri, na alama ya kuuliza.

Bi Prosser wa mlango wa pili kaenda Hispania,
katuachia ufunguo, na paka, kisha kadi ya posta:
bahari ya buluu kama dawa ya kusafishia choo.
Gethin alikuwa katoka zamu ya usiku ghalani,
amelala na soksi mguu mmoja.
Nikauvuta mlango polepole.

Basi la saa tatu na robo kutoka Merthyr.
Mimi pauni nne na nusu, kwenda na kurudi,
watoto nusu yangu kila mmoja.
Heledd ana miaka kumi na mitatu,
hataki tena kuitwa mtoto, ila kwenye nauli.
Mkate wa dagaa wa kopo. Chupa ya chai.
Biskuti zilizovunjika, zile za kupimiwa sokoni,
maana tumboni hakuna anayeziunga.

Dereva akatushusha penye lango la kondoo,
si kituo, ila anajua.
Mvua ya kwetu hainyeshi, inakaa.
Tukapita katikati ya kangaga, tope likitushika miguu
kama jamaa asiyetaka mgeni aondoke,
mpaka tukayasikia, kisha tukayaona:
Sgwd y Brain, maporomoko ya kunguru,
bila mlango, bila mkata tiketi.

"Nani anayafungua asubuhi?" akauliza Macsen.
"Hayafungwi, mjinga wewe," dada yake akamjibu,
halafu akanyamaza,
kama aliyejisikia akisema jambo.

Nyuma ya maji kuna njia, upana wa mtu na nusu.
Mle midomo hucheza tu, maneno hayafiki.
Nikalitaja deni letu kwa sauti,
kiasi chake chote, hadi peni ya mwisho.
Maji yakalimeza. Hakuna aliyegeuka.

Ndipo Macsen akateleza.
Jiwe likamwachia mguu, likabaki na kiatu,
kiatu cha shule, cha Septemba, kina siku mbili,
alichonililia akivae leo tu, mama, leo tu.
Kikachomoka, kikaelea kidimbwini,
kikazunguka mara moja
kama abiria aliyekumbuka kitu nyumbani,
kikaenda zake.

Pauni ishirini na sita.
Rahisi huvunja upishi, nikajisemea,
na ulimi wangu ulikuwa tayari na mengine.
Lakini mtoto alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo,
haniangalii mimi, anauangalia mto,
na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyepoteza kitu.

Nikampa mgongo.
Miaka tisa, mzito kama gunia la makaa
ambayo babu yake aliyachimba chini ya vilima hivi hivi.
"Mbebwa hujikaza," nikamwambia,
akanibana kwa magoti,
akaanza kunipa habari sikioni:
Sasa kiko chini ya daraja.
Sasa kinapita nyuma ya shule, hakiingii.
Sasa Pontypridd.
Sasa Cardiff, mama, kimeiona bahari.
Sasa kinakwenda kwa Bi Prosser.

Heledd alikuwa nyuma yetu na mfuko,
hajasema neno tangu majini.
"Na hakijalipa nauli," akasema.
Nikacheka hadi nikakaa kwenye tope, na mtoto mgongoni,
na kondoo wakainua vichwa.

Usiku Gethin kaamka, kaulizia chai, kaulizia gharama.
Kiatu kilichobaki kilikuwa juu ya jiko, kinatoa mvuke,
paka wa watu anakinusa.
Nikafungua daftari. Nauli, tisa. Dagaa. Biskuti.
Kalamu ikasita kati ya kurasa mbili,
ule wa Shule na ule wa Matembezi,
kisha nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri:

Kiatu cha kulia, kwenda tu: 26.