Kibanio

Diski ilifika Arua na basi la usiku,
imefungwa ndani ya fulana ya mtoto:
gigabaiti arobaini.
Candiru alilipa nusu. Nusu nyingine, tutaona.

Tukaipachika, tukawasha.
Kompyuta ikahesabu kumbukumbu yake, ikaitambua kibodi,
ikafika kwenye diski
ikanyamaza, kama mtu aliyekumbushwa deni mbele za watu.

Nusu saa. Jenereta la padri linakunywa mafuta.

Siilaumu. Aliyeifunza kuhesabu alidhani
silinda elfu sitini na tano, mia tano thelathini na tano,
zitamtosha yeyote mpaka kiama.
Hapo vidole vyake vinaishia.
Ukiizidishia haikatai, haipigi kelele,
inarudi kwenye sifuri
na kuzunguka humo, humo.

Nasi tuna vitabu kumi na vinne vya ubatizo,
mchwa wamekula pembe,
vilivukishwa mpaka ndani ya gunia la mihogo
miaka ile ya kukimbilia Zaire,
vikarudi na harufu ya moshi.
Tunavipiga picha, ukurasa kwa ukurasa.
Diski ya zamani ilijaa tulipofika mwaka sitini na mbili.
Waliozaliwa baadaye
hawakuwa na pa kukaa.

Candiru akasema, "Basi tuwafute waliokufa."
Akafuta vumbi mezani, ambapo hapakuwa na vumbi.
"Hapana. Sikusema kitu."

Nyuma ya diski pana vijisindano,
na juu ya viwili kimekaa kibanio cheusi,
kidogo kama punje ya mchele.
Kihamishe, na diski itajitia udogo:
itasema mimi thelathini na mbili tu,
na kizee kitaiamini.

Kikaniponyoka.
Tukapiga magoti kwenye saruji, mimi na karani wa parokia,
tochi mdomoni, mashavu karibu na sakafu;
mpishi akachungulia, akadhani tunasali, akarudisha mlango polepole.
Kilikuwa kimenasa kwenye soli ya sapatu ya Candiru.

Safari hii mashine ikaihesabu diski, ikaridhika, ikapita.
Na mfumo ulipoamka ndani
haukumwuliza tena bawabu wa mlangoni.
Niliandika amri moja, nikakosea, nikaandika tena:
iulize diski yenyewe, uso kwa uso,
una ngapi kweli?

Arobaini.

Hatukupiga makofi. Mafuta yalikuwa yanakwisha.
Candiru alifungua kitabu cha tisa,
akalaza kiganja juu ya ukurasa ili usijikunje:
Februari, sitini na tatu, Ayikoru binti Onzima,
jina la mama limelowa, linasomeka nusu.
Taa ya skana ikapita chini yake taratibu.

Aliyefuata. Aliyefuata.
Jenereta likakohoa saa nne kasoro,
tukiwa tumefika mwezi wa Mei.

Ile nusu ya bei, bado.