Mstari wa Chaki

Jumanne jioni, darasa la chekechea,
viti vya watoto, magoti yetu karibu na kidevu.
Nimebandika ramani juu ya alfabeti ya ukutani;
dubu amebaki miguu tu.

Kazi niliyoajiriwa ni ndogo: kuchora mstari.
Huku, maji ya chini yasimamiwe na Arroyo Pardo.
Kule, na watu wa Lindell.
Serikali ya jimbo inataka jibu kabla ya lozi kuchanua.

Nilianza na barabara ya kaunti
kwa kuwa imenyooka,
kwa kuwa kalamu hupenda rula.
Abílio Borba akasimama, kofia mkononi:
"Umepasua zizi langu katikati.
Ng'ombe anakunywa chini ya sheria moja,
mkia wake uko chini ya nyingine."
Tulicheka. Nikafuta.

Nikahamia mto. Mto nao ulikwishahama
kabla ya babu wa mtu yeyote humu,
ukaacha changarawe zake chini ya mashamba
kama mkono uliosahauliwa chini ya mto,
umekufa ganzi, lakini ungali mkono.
Marit, msomi wa miamba, akasema polepole
kama mtu anayetoa habari za msiba:
pampu ya Sandhu ikinguruma hapa,
kisima kinakohoa maili tatu ng'ambo ya mstari wako.
Changarawe hazikusoma.

Wakaja wenye mawakili.
Huyu anataka mpaka ukunje kiwiko, uziepuke ekari zake;
yule anataka umfuate mpaka kwenye bomba la jirani.
Kila mtu anautaka mpaka, ila kwa mwenziwe.
Mpaka huu, mpaka ule.
Mpaka lini?
Na ardhi yenyewe haikai kungoja kura:
daraja la mfereji, nilipokuwa mdogo,
tulipita chini yake kwa mashua ya mpira, tumeketi wima.
Leo maji yanalamba tumbo lake.

Saa tatu usiku, mlangoni, Delfina Quiahua,
bado na aproni ya kiwanda cha kubangua lozi.
Hakuomba nafasi ya kusema. Alisema.
"Kisima changu ni mita thelathini. Jirani yangu, mia tatu.
Tuko ndani ya mpaka mmoja,
umetupaka kijani kimoja,
na mimi naoga kwa kopo.
Lori hujaza tangi Alhamisi, likikumbuka.
Mwanangu, umechora kaskazini hadi kusini.
Nichoree mwingine. Wa chini.
Maji yashuke hadi wapi, ndipo mtu azime pampu?"

Friji ya maziwa ya watoto ikaguna.
Kina Borba, kina Sandhu, wote wakatazama viatu.
Kina hicho hakuna aliyekuja nacho.

Asubuhi tulikwenda kwake, mimi na Marit.
Utepe wa chuma, ncha yake imepakwa chaki ya buluu:
unaushusha, unaupandisha,
palipolowa ndipo maji yalipo.
Ukashuka ukilia kwenye bomba. Ukagonga.
Ukapanda na buluu yake yote,
kavu, kama ulivyoingia.
Delfina akaipangusa kwa kidole, akakitazama.
Hakusema kitu. Alikuwa anajua,
sisi ndio tuliohitaji kupimiwa.

Fomu ya jimbo ina mahali pameandikwa "Mpaka".
Wanataka barabara, mito, nambari za viwanja.
Nimeandika: mita ishirini na nane.

Borba amepiga simu mara mbili.
"Ishirini na nane itaniua."
Namwamini.
Thelathini ilikwisha kumkausha mwingine.
Fomu iko mezani, chini ya funguo za gari,
bado sijaitia sahihi,
na kwenye kona yake, sijui ni lini nimeigusa,
kuna alama ya kidole, ya buluu.